UZI: Romeo na Juliet waliuawa na nyota, na pupa yao, au na barua iliyobadilishiwa mjumbe?

Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tamthilia hii ya Shakespeare hufundishwa kwa sentensi moja: wapenzi wenye nyota mbaya. Mwanafunzi anaandika kurasa tatu kuhusu majaliwa bila kugusa siku, saa, wala nani alimtuma nani. Mimi msimamo wangu ni kwamba kilichowaua ni uamuzi mmoja wa Padri Laurence. Wengi hawauoni kwa sababu nusu yake iko tendo la 3 na nusu nyingine tendo la 4. Kwanza tuweke ratiba sawa.

Jumapili asubuhi kuna ugomvi barabarani Verona, na mtawala anatangaza kwamba atakayevunja amani tena atalipa kwa roho yake. Usiku wake ni karamu kwa kina Capulet, ukoo wa Juliet, maadui wa ukoo wa Romeo. Romeo na Juliet wanaonana, wanabusiana, na kabla hakujakucha wameshaahidiana ndoa, binti akiwa dirishani. Jumatatu mchana padri anawafungisha ndoa kwa siri. Saa moja hivi baadaye Tybalt, binamu yake Juliet, anamuua Mercutio, rafiki wa Romeo; Romeo anamuua Tybalt, na Romeo anafukuzwa mjini. Usiku huohuo baba yake Juliet anamwahidi Paris, kijana anayemposa Juliet, kwamba harusi ni Alhamisi, hajui kwamba binti ameshaolewa. Jumanne alfajiri Romeo anaondoka kwenda Mantua, na mchana wake padri anampa Juliet kichupa cha dawa ya usingizi, aonekane amekufa, azikwe, kisha Romeo aje kumchukua kaburini akiamka. Alhamisi usiku wote wawili wamekufa. Tangu waonane ni siku nne.

Sasa huo uamuzi. Tendo la 3, onyesho la 3, padri anamwambia Romeo: kaa Mantua, nitamtafuta mtumishi wako, naye atakuletea kila habari njema itakayotokea huku. Mtumishi huyo ni Balthasar. Njia ya habari imeshakubaliwa. Tendo la 4, onyesho la 1, padri huyohuyo anamwambia Juliet: nitamtuma mtawa aende Mantua mbio na barua zangu kwa mumeo. Mjumbe kabadilishwa. Romeo hakuambiwa na, baya zaidi, Balthasar naye hakuambiwa. Balthasar anashuhudia maziko, anakodi farasi, anafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa. Habari ya uongo ikapita kwenye njia iliyokubaliwa, na habari ya kweli ikapita njia ya uchochoroni, ikakwama.

Hapo nyota imeingilia wapi?

Nyuma ya Pazia

Naunga mkono, mkuu, na niongeze kuhusu Mtawa John, yule aliyetumwa na barua, maana watu humtaja kama bahati mbaya tupu.

Tendo la 5, onyesho la 2, John anaeleza mwenyewe. Hakuondoka moja kwa moja. Alikwenda kwanza kumtafuta mtawa mwenzake wa shirika lao, Wafransisko waendao peku, wafuatane safarini. Mwenzake alikuwa humohumo mjini akitazama wagonjwa. Wakaguzi wa mji wakashuku kwamba wote wawili wamekuwa katika nyumba yenye tauni, wakaifunga milango na kuwazuia kutoka. Barua haikuvuka hata lango la Verona. John akatafuta mtu wa kuirudisha kwa padri, akakosa, kila mtu aliogopa maambukizi.

Tauni ni ajali, sawa. Lakini sikilizeni padri anavyojibu: barua ile haikuwa ya mambo madogo, ilibeba jambo zito. Anamwambia John hayo *baada* ya kushindikana! Tamthilia haionyeshi popote kwamba John aliambiwa mapema kilichomo ndani. Mtu aliyebeba roho ya mtu mfukoni alikwenda zake kama anayepeleka salamu.

Watazamaji wa kwanza walilielewa jambo hili bila kuelezwa. Kumbi za maigizo za London zilifungwa kwa muda mrefu kati ya 1592 na 1594 kwa sababu ya tauni, na tamthilia iliandikwa karibu na miaka hiyo. Nyumba kufungwa, wazima na wagonjwa pamoja, walikuwa wameiona mitaani kwao. Na Mercutio alipokuwa anakata roho alizilaani koo zote mbili zipatwe na tauni. Matendo mawili baadaye, tauni ndiyo inayofunga mlango.

Bi Sahifa

Kibatari, hoja yako ina nguvu, ila nikusogeze kwenye matoleo yenyewe, kwa sababu hata hizo nyota hazikai mahali pamoja.

Toleo la kwanza la 1597 lina dibaji ya mistari 12. Toleo la pili la 1599, ambalo ndilo msingi wa matoleo mengi ya leo, linayo soneti kamili ya mistari 14, na nyota zinazowapinga wapenzi zimo katika zote mbili. Juzuu kubwa ya 1623, iliyokusanya tamthilia zake, dibaji hiyo haimo kabisa. Msomaji aliyekuwa na juzuu hiyo tu aliianza hadithi na watumishi wawili wakitafuta ugomvi, hana habari kwamba mwisho ni kaburi.

Halafu kuna ule mstari wa Romeo akipokea habari ya kifo. Toleo la 1597 linamfanya aseme maneno ya kukaidi: nazikaidi nyota zangu. La 1599 linasema nazikana nyota. Wahariri wengi huchukua kukaidi kwa sababu kunasikika kishujaa. Lakini tofauti ni kubwa. Anayezikaidi anakubali kwamba zipo na zina nguvu. Anayezikana anasema hana habari nazo.

Jambo la tatu ni pupa. Shakespeare aliichukua hadithi kwenye shairi refu la Arthur Brooke la 1562, naye Brooke aliitoa kwa Boaistuau wa Ufaransa, wa 1559, na huyo kwa Bandello wa Italia. Kwa Brooke mambo yanakwenda kwa miezi: wapenzi wanafunga ndoa na wanaendelea kukutana usiku kwa muda kabla Tybalt hajauawa. Shakespeare akaibana miezi ile ikawa siku nne. Juliet wa Brooke ana miaka 16. Wa Shakespeare hajatimiza 14, amebakiza wiki mbili na siku kadhaa, na Yaya wake anataja hata usiku aliozaliwa, mkesha wa tarehe 1 Agosti. Kwa hiyo pupa hii ni kazi ya fundi. Aliichukua saa akaikaza kwa makusudi.

Hata kifungo cha tauni alikihamisha. Kwa Brooke mtawa anafika Mantua kwanza, ndipo anafungiwa huko. Shakespeare akamzuia Verona, hatua chache kutoka kwa aliyemtuma. Hilo linamwongezea padri lawama: mtu wake alikuwa mji uleule na hakujua.

Mwalimu Chuma

Nawapinga kwa heshima.

Mnachofanya ni kuchukua kosa moja na kulitwisha mzigo wote. Rudini tendo la 1, onyesho la 2. Capulet anampa mtumishi orodha ya waalikwa. Mtumishi hajui kusoma. Anamsimamisha kijana wa kwanza anayeonekana msomi barabarani, na kijana huyo ni Romeo, mtoto wa adui wa bwana wake. Romeo anasoma, anaona jina la Rosaline ambaye ndiye aliyekuwa akimlilia wakati huo, ndiyo maana anakubali kwenda karamuni. Mtumishi angejua kusoma, hakuna hadithi. Angemsimamisha mtu mwingine, hakuna hadithi.

Endeleeni. Mercutio anachomwa upanga kwa kupitia chini ya mkono wa Romeo, wakati Romeo anaamua ugomvi. Mtawa mwenye barua anakutana na wakaguzi. Padri anajikwaa makaburini. Juliet anaamka muda mfupi tu baada ya mumewe kukata roho. Kila tukio, likiwa peke yake, ni dogo na halina madhara. Yote kuangukia upande mmoja ndani ya siku nne, sisi tunaita nini? Wazee waliliita majaliwa na sioni kwa nini tuwasahihishe.

Na Romeo anajua. Kabla hajaingia karamuni anasema moyo wake unahofia jambo ambalo bado linaning'inia kwenye nyota. Hajamwona Juliet bado!

Kibatari

Mwalimu, orodha yako ni ya haki na ile ya mtumishi asiyejua kusoma siwezi kuijibu. Ile ni bahati, basi.

Lakini tulinganishe na tanzia ya majaliwa kweli, ile ya Sophocles kuhusu mfalme Oedipus. Pale unabii umetamkwa kwa wahusika wenyewe. Baba ameusikia, mwana ameusikia, wote wanakimbia, na kukimbia kwao ndiko kunakowafikisha. Hapa utabiri unasemwa kwa nani? Kwa hadhira tu. Hakuna mtu Verona aliyeisikia ile dibaji. Romeo ana mashaka na ndoto, na ndoto yake ya mwisho kule Mantua ilimwambia ataletewa habari njema. Nyota zake zikamdanganya, au hazikuwa zinasema naye.

Aristotle analo neno la Kigiriki, hamartia, ambalo shuleni hugeuzwa kuwa kasoro ya tabia. Asili yake ni kukosa shabaha. Mpiga mshale si mtu mbaya, amelenga, mshale umepita pembeni. Ndivyo alivyo padri. Alitaka ndoa ile izimalize chuki za koo mbili. Ndivyo alivyo hata Capulet, na hapa naomba tukae kidogo, maana huyu mzee hatajwi inavyotakiwa.

Mpango wa padri ulikuwa Juliet anywe dawa Jumatano usiku. Dawa inamlaza saa 42. Angeamka Ijumaa jioni. Jumanne jioni Juliet anarudi nyumbani, anapiga magoti, anamwomba baba radhi. Anaigiza utii vizuri mno. Baba anafurahi kupita kiasi, anasema harusi ni kesho, Jumatano! Mama mtu anajaribu kuzuia, anasema Alhamisi inatosha, vyakula havijatayarishwa. Mzee hasikii. Basi Juliet analazimika kunywa usiku uleule.

Sasa pigeni hesabu. Mara baada ya yeye kunywa, Capulet yuko jikoni akihimiza wapishi na anataja saa, ni saa 9 usiku. Ongeza 42, unapata Alhamisi saa 3 usiku. John anapomrudishia padri barua, padri anasema zimebaki saa 3 Juliet aamke, yaani ni kama saa 12 jioni. Siku ile moja isingeibwa, padri angekuwa na saa 27 badala ya 3. Verona na Mantua ziko kilomita 40 hivi, ni mwendo wa nusu siku kwa farasi. Mjumbe wa pili angefika Ijumaa asubuhi. Na kwa kuwa maziko nayo yangesogea siku moja, Balthasar asingekuwa amemtangulia sana, pengine hata kidogo.

Tunawasema watoto kwa pupa, wakati aliyekata siku nzima kwenye ratiba ni mtu mzima aliyekuwa na furaha.

Binti wa Bandarini

Wapendwa, naingilia upande wa lugha, maana mnabishana kwa Kiswahili na Kiswahili chenyewe kina la kusema.

Tuna neno *ajali*. Asili yake Kiarabu, muda wa mtu uliowekwa, siku yake ikifika imefika. Neno hilohilo ndilo tunalotumia gari likipinduka. Tukisema "ajali haina kinga" tunasema mambo mawili kwa pumzi moja: siku ikifika haizuiliki, na ajali humpata yeyote. Mwalimu Chuma analitumia kwa maana ya kwanza, Kibatari kwa ya pili. Anayeitafsiri tamthilia hii ana bahati ya kuwa na neno linalobeba ubishi wote. Maneno ya Romeo baada ya kumuua Tybalt, anapojiita mtu wa kuchezewa na bahati, yanaweza kulibeba.

Lakini *nyota mbaya* mimi siikubali. Kwetu pwani nyota ni ya mtu. Watu hupiga falaki kutazama kama nyota ya bwana na ya bibi zinapatana kabla ya posa. Ukisema "wapenzi wenye nyota mbaya" msomaji anaelewa kwamba hawa wawili walizaliwa na mkosi, kila mmoja na wake. Dibaji inasema kingine, kwamba nyota zimewakatiza njia, zimewapinga. Bora "wapenzi waliokingamwa na nyota". Kitu kinachokingama kinaweza kurukwa, na hapo ndipo mchezo wote ulipo.

Vilevile ule usia wa padri, kwamba wakimbiao hujikwaa, mfasiri atashawishika kuweka haraka haraka haina baraka. Asiweke. Kujikwaa lazima kubaki, kwa sababu tendo la 5 padri mwenyewe, mzee wa kuhimiza taratibu, anakimbia gizani na kulalamika jinsi miguu yake mizee inavyojikwaa kwenye makaburi. Ukiweka methali, kujikwaa kumepotea na shabaha imepotea.

Nyuma ya Pazia

Dada, hilo la kujikwaa ni dhahabu. Waongozaji wengi hulikata.

Kwa wanaotaka kuipandisha jukwaani, mambo yanayofanya kosa la binadamu lionekane ni haya.

Barua iwe kitu halisi, na hadhira iione mara mbili. Ionekane padri akimkabidhi John, hata kama mwandishi hakuliandika onyesho hilo, na ionekane John akiirudisha. Lakiri ikiwa haijavunjwa, mtu wa kiti cha mwisho ataelewa bila maneno.

Mtaimbo. John akishaeleza, padri anamwagiza akamletee mtaimbo chumbani kwake, halafu anasema atamwandikia tena Romeo. Saa 3 zimebaki na mtu anasubiri chuma! Angetoka dakika ile akakae kaburini kumsubiri binti, angemkuta Romeo akiwa hai. Msiharakishe hapo. Acheni padri asimame peke yake, hadhira ihesabu.

Kaburini, mtumishi anamwambia padri kwamba bwana wake amekuwamo ndani nusu saa nzima. Ni nusu saa tu. Na Romeo humo ndani, mwenge mkononi, anamtazama mkewe na kusema bendera ya uzuri bado ni nyekundu midomoni na mashavuni, bendera iliyofifia ya mauti haijafika hapo. Ameiona damu inarudi. Anaisema kwa sauti. Anaielewa visivyo. Mwigizaji wa Juliet asipakwe unga mweupe usoni! Nimeandika kwa alama ya mshangao kwa sababu kosa hili huua onyesho lote: ukimpaka weupe unamfanya Romeo mwongo. Shavu liwe na rangi, mwenge upite karibu, na mkono wa binti uweze kusogea kidogo Romeo akiwa amegeukia kichupa cha sumu.

Kuna njia nyingine ambayo ilitumika zamani na mimi siipendekezi. David Garrick, London, 1748, alimwamsha Juliet kabla Romeo hajafa akawapa mazungumzo marefu ya kuagana. Hadhira ililia sana, na toleo lake likatawala jukwaa karibu miaka mia, hadi Charlotte Cushman alipoyarudisha maneno ya Shakespeare mwaka 1845. Tatizo lake ni kwamba linawapa wapenzi kile hasa walichonyimwa. Mauti yao inakuwa ya kusikitisha tu, na ile nusu saa haiumi tena.

Mwalimu Chuma

Kwa hiyo mnasema Romeo hana kosa? Maana sasa padri na Capulet wamebeba vyote.

Bi Sahifa

Analo, Mwalimu, tena liko kwenye mistari michache sana. Fungua tendo la 5, onyesho la 1.

Balthasar anaingia, buti bado miguuni. Swali la kwanza la Romeo, kabla hata ya kumuulizia mkewe: hukuniletea barua kutoka kwa padri? Hili linathibitisha alichosema Kibatari, kwamba Romeo alitazamia maneno ya padri yaje kwa mkono wa Balthasar. Anaambiwa Juliet amekufa. Anazikana nyota, anaagiza karatasi na wino, anaagiza farasi. Balthasar anamsihi awe na subira, anamwambia uso wako umepauka na una wazimu. Ndipo Romeo anauliza mara ya pili: huna barua yoyote kwangu kutoka kwa padri?

Mara mbili. Akili yake inajua kuna kipande kimepungua. Padri aliahidi kuandika, na padri hajaandika, kwa kifo cha Juliet mwenyewe! Mtu anayefikiri angesimama pale. Ni nusu siku tu kufika Verona kwa padri na kuuliza. Badala yake anatafuta muuza dawa ambaye duka lake limefungwa kwa kuwa ni sikukuu. Hata kalenda ilijaribu kumzuia, Mwalimu, hiyo nayo uihesabu kwenye bahati zako. Anagonga, anamshawishi maskini yule kwa dukati 40, ingawa sheria ya Mantua ni kifo kwa anayeuza sumu. Muuza dawa anakubali, na anasema ni umaskini wake unaokubali, si hiari yake.

Upande wako pia una haki: kijana ana dakika chache tu tangu aambiwe amefiwa, na huzuni haifikiri. Lakini mwandishi amelirudia swali la barua makusudi kabisa.

Nyuma ya Pazia

Na hapo pana kimya kinachohitaji kulindwa. Balthasar anajibu: hapana, bwana wangu mwema. Mwigizaji wa Romeo asimame. Ahesabu moyoni mpaka tatu, macho kwa mtumishi, kama mtu aliyesahau jina. Katika hiyo tatu bado wote ni wazima.

Kisha anasema, "Haidhuru. Nenda ukakodi wale farasi."